Uzi kwa wazazi wa Lubumbashi wanaogombania watoto: anzia kwa karani wa mahakama, usianzie kwa polisi

Mtetezi_wa_Kamalondo aliandika:

Ndugu zangu, mimi ni mtetezi wa mahakama, si avoka wa baro, yaani wakili aliyeandikishwa katika chama cha mawakili. Naruhusiwa kusimama mbele ya Mahakama ya Amani na mahakama iliyo juu yake, lakini si mbele ya Mahakama ya Rufaa. Nalitaja hilo mapema ili mtu asinivalishe joho lisilo langu. Kwa miaka mingi nimepokea wazazi walioachana, na karibu wote hufika wakiwa wamechelewa. Mtoto ameshachukuliwa shuleni mchana na shangazi yake, ameshapandishwa gari la Likasi au la Kolwezi, mzazi aliyebaki ameshakimbilia polisi, barua ya wito imeshatolewa, pesa zimeshatoka, na bado hakuna karatasi hata moja yenye mhuri wa hakimu inayosema mtoto akae wapi.

Polisi hawana mamlaka ya kumpa mzazi mtoto. Parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, nayo haina. Ikiwa mtoto amepigwa, amejeruhiwa au amefichwa mahali pasipojulikana, nenda kwao bila kusita, kwa sababu hayo ni makosa ya jinai. Lakini swali la nani amlee, alale wapi, na mzazi wa pili amwone lini, ni swali la hakimu peke yake. Ile karatasi mnayosainishwa kituoni, eti baba amchukue Jumamosi na mama amrudishe Jumapili, haimfungi mtu. Nimeiona ikichanwa kabla wino haujakauka.

Mahakama gani, basi? Kama ndoa yenu imeandikishwa komini, yaani katika ofisi ya serikali ya mtaa wenu, na mmoja anaomba talaka, habari ya watoto huamuliwa pamoja na talaka hiyo katika Mahakama ya Amani, ile ambayo watu wa hapa huiita tripe. Hakimu huanza kwa kuwaita na kujaribu kuwapatanisha, na hatua hiyo isidharauliwe, kwani hata talaka isipozuilika, ndipo mnapoweza kukubaliana kuhusu watoto kabla maneno hayajawa makali. Wakati kesi ya talaka ikiendelea anaweza kutoa amri ya muda kuhusu makao ya watoto na matunzo yao. Watu hawaiombi amri hiyo kwa sababu hawajui kwamba ipo, wakangoja hukumu ya mwisho huku mtoto akihamishwa nyumba hadi nyumba kama mzigo. Kama hamkufunga ndoa, au mlifunga ya ukoo tu bila kuiandikisha, kwa kawaida njia ni Mahakama ya Watoto, ambayo iliwekwa na Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto. Lubumbashi tunayo.

Sheria hiyo, katika ibara yake ya 6, inataka manufaa ya mtoto yatangulizwe katika kila uamuzi unaomhusu, na ibara ya 7 inampa mtoto mwenye akili ya kupambanua haki ya kutoa maoni yake. Kwa hiyo hakimu hatafuti nani alikosa kwanza katika ndoa. Wazazi wengi huingia na ushahidi wa simu za usiku, majina ya mahawara na picha, halafu wakiulizwa mtoto anasoma darasa la ngapi wanatazamana.

Nitawaeleza mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Mama mmoja, mchuuzi wa samaki wakavu, alikuja na mfuko wa plastiki mweusi uliofungwa mafundo mawili. Alipoufungua mbele ya hakimu, akatoa cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo iliyokuwa na alama ya mafuta pembeni, ripoti tatu za shule, na daftari la jalada la buluu alimoandika kwa kalamu ya risasi kila alichotumia: unga wa bukari (ugali), makala ya kupikia (mkaa), dawa ya malaria, minerval (ada ya shule) na namba ya risiti yake. Hakimu alilifungua daftari lile ukurasa kwa ukurasa, wala hakumsifu. Alimwuliza jambo moja tu: mtoto akitoka shule mchana na wewe ukiwa sokoni, nani anampokea? Akajibu bila kuficha kwamba ni mama mzee wa jirani, nyumba ya nne kutoka kwake. Wakili wa upande wa pili alitabasamu akidhani ameangukiwa na bahati. Hakimu akaagiza mhudumu wa jamii aende akaione nyumba ile ya nne. Aliporudi na ripoti yake, ilikuwa na habari za mkeka, meza ya kufanyia kazi za shule, na bibi kizee aliyejua mtoto yule anaogopa mbwa yupi wa mtaani. Mama akapewa ulezi, na baba akapewa siku zake za kumwona.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mtetezi, tafuta mfuko.

MamaWaMapacha aliandika:

Metre (ndivyo tunavyowaita watetezi), asante kwa maelezo. Mimi niko Katuba, nina mapacha wa miaka sita. Mume wangu anafanya kazi mgodini Kolwezi. Alileta sehemu ya mahari kwetu, hatujaandikisha ndoa komini. Tulipokosana mwezi wa nne, mama mkwe alikuja na watu wawili akasema anawachukua watoto kwa wiki mbili za likizo, na mpaka leo hajawarudisha. Ndugu zangu wananiambia nikae kimya, kwa sababu mahari haikuisha na kwa hiyo sina sauti. Upande wao wanasema watoto ni wa ukoo wao. Avoka niliyemwendea alitaja bei ambayo siwezi kuipata hata nikiuza friji. Je, mtu kama mimi anaanzia wapi? Na je, ni kweli kwamba bila mahari kamili sina haki?

Mtetezi_wa_Kamalondo aliandika:

Mama, pole sana. Nitajibu kwanza lile la mahari, kwa kuwa ndilo linalowafunga watu wengi mdomo.

Mahari ni jambo la ndoa kati ya koo mbili, na sheria haisemi kwamba mtoto ni dhamana ya deni. Ibara ya 591 ya Sheria ya Familia, ile ya tarehe 1 Agosti 1987 iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje yake. Sheria hiyo hiyo inakwenda mbali kiasi kwamba baba asipopatikana kabisa, mahakama inaweza kumteua mtu wa upande wa mama awe baba wa kisheria. Utaona basi kwamba waliotunga sheria walimtazama mtoto, wakaacha hesabu za mbuzi na vitenge kwa wazee. Swali linalokuhusu ni kama baba amewatambua mapacha mbele ya ofisa wa komini. Kama jina lake limo katika vyeti vyao, naye ana haki na ana wajibu, nawe pia. Mama mkwe, pamoja na heshima zote anazostahili, hana ulezi mpaka hakimu ampe.

Kama vyeti havipo, anzia hapo. Kuzaliwa kwa mtoto hutangazwa komini ndani ya siku 90. Baada ya hapo inatakiwa hukumu ya mahakama ya kujazia pengo, na hukumu hiyo inaweza kuombwa wakati mmoja na shauri lako la ulezi, usije ukalipa safari mbili.

Sasa kuhusu pesa. Sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inayopanga kazi ya mawakili inataka kila baro iwe na ofisi ya mashauri ya bure, na baro yetu ya Haut-Katanga inayo. Mtu asiye na uwezo huenda kueleza shida yake na anaweza kupangiwa wakili wa kumsimamia bila kumlipa ada. Utaombwa kuonyesha kwamba huna uwezo, na kwa hilo nenda kwa watu wa maswala ya kijamii ukaombe hati ya umaskini, hiyo hiyo tunayoiita endijansi. Hati hiyo husaidia pia kuomba usamehewe gharama za mahakama. Usione haya. Nimeona walimu wakiiomba.

Jambo jingine, na hili nakuomba ulishike: usiende Kolwezi na kaka zako kuwachukua watoto kwa nguvu. Najua moyo unavyosema. Lakini leo wao ndio waliowazuia watoto, na hakimu ataliona hilo. Kesho ukivunja mlango, mtakuwa wawili mliovunja, na wakili wao atakuwa na la kusema. Andika barua fupi ya kistaarabu kwa baba na kwa mama mkwe, ukiwaomba wawarudishe kufikia siku fulani, uipeleke mbele ya shahidi, ubaki na nakala iliyosainiwa. Barua hiyo ni ushahidi hata ikijibiwa kwa matusi. Tena hasa ikijibiwa kwa matusi.

Baba_wa_Ruashi aliandika:

Mnasema vizuri, lakini na sisi akina baba nani anatusemea? Mimi nililea binti yangu tangu akiwa na miaka miwili, mama yake alipoondoka kwenda kufanya biashara Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Miaka mitano baadaye mama amerudi na mjomba wake, wanasema kwa mila ya kwao mtoto ni wa upande wa mama na mimi nilikuwa mlezi tu. Kule kwetu mtoto ni wa baba. Nilipokwenda kuomba msaada katika ofisi moja, ambayo sitaitaja, mtu wa mapokezi aliniambia nisijisumbue, mahakimu huwapa akina mama siku zote. Nimekaa na hasira hiyo miezi miwili.

Mtetezi_wa_Kamalondo aliandika:

Papa, mtu wa mapokezi si hakimu, na hakupaswa kukujibu hivyo.

Lubumbashi ni mji wa watu waliokuja kwa reli na kwa migodi, kila mmoja na desturi ya kwao. Wabemba, Walamba na Waaushi huhesabu ukoo kwa mama, na kwao mjomba ni mtu mzito kuliko baba mzazi katika mambo ya watoto. Waluba wa Katanga huhesabu kwa baba. Wakioana, na hapa wanaoana kila Jumamosi, kila upande unaamini kwa moyo safi kabisa kwamba mtoto ni wake, na hakuna anayesema uongo. Sheria ya Familia ilitungwa mwaka 1987 kwa sababu hiyo hasa: Wakongo wote wawe na kanuni moja. Mjomba atasikilizwa kwa heshima, huenda hata akaandikwa katika kumbukumbu za kikao, lakini mila ya upande mmoja haiwezi kuamua shauri lako.

Ni kweli kwamba mtoto anayenyonya hakimu hamtenganishi na mama yake kwa urahisi, na sidhani hata wewe ungetaka hivyo. Binti wa miaka saba aliyeishi nawe miaka mitano ni habari nyingine. Kinachohesabiwa ni mazoea yake, shule yake, afya yake na utulivu wake. Hakimu anaweza kumpa baba, anaweza kumpa mama, na anaweza hata kumpa mtu wa tatu akiona wote wawili hawafai. Lakini mshahara mkubwa peke yake hautoshi: nimeona mhandisi mwenye nyumba ya ghorofa akimkosa mtoto kwa sababu alikuwa akimwachia dereva.

Nawe pia utaulizwa jambo gumu: katika miaka hiyo mitano, je, ulimruhusu mama kuongea na mtoto? Kama ulimzuia, anza kurekebisha leo. Mzazi asiye na ulezi habaki mgeni. Hubaki na haki ya kufuatilia malezi na masomo, na wajibu wa kuchangia kadiri ya uwezo wake. Mambo haya mawili watu huyachanganya kila siku. Baba asipoleta pesa, mama anamfungia mlango. Baba akifungiwa mlango, anakata pesa. Mahakama haikubali lolote kati ya hayo. Pesa isipokuja, dai pesa. Ziara zikikataliwa, dai ziara.

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Niongeze neno kutoka upande wa shule, kwa kuwa vita hivi huishia getini kwetu. Mwaka jana walikuja baba na mama wa mwanafunzi mmoja saa ile ile ya kutoka, kila mmoja akiwa na ndugu zake, mtoto akashikwa mkono huu na huu mpaka kifungo cha shati lake jeupe kikaruka. Sisi walimu tulisimama tu, kwa sababu wote wawili ni wazazi na hatukuwa na karatasi ya kumzuia yeyote. Mtoto alikuwa akikitafuta kile kifungo chini, akisema mama atamgombeza. Ikiwa mna uamuzi wa hakimu, hata ule wa muda, tafadhali leteni nakala kwa mkurugenzi wa shule. Ikiwa hamna, basi angalau mkubaliane kwa maandishi nani atampokea, na msitulazimishe walimu kuwa mahakimu.

Mpita_njia_Kenya aliandika:

Onyo dogo kutoka komini yetu ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kwa wanaokwenda mahakamani mara ya kwanza: nje ya jengo mtakutana na makomisionere, vijana waliovaa vizuri, wenye faili mkononi, watakaosema wanamjua karani na wanaweza kuharakisha mambo. Mimi nililiwa pesa hivyo. Yule kijana alinionyesha karatasi yenye mhuri, kumbe ilikuwa ya kesi ya kiwanja.

Mtetezi_wa_Kamalondo aliandika:

Asante, Mwalimu, na asante, Mpita njia. Yote mawili ni kweli tupu. Ada ya mahakama ina risiti. Asiyetoa risiti, usimpe kitu. Uliza jina la karani, uliza namba ya kesi yako, uiandike nyuma ya daftari. Kesi yenye namba haipotei kirahisi, lakini ile ya mdomoni hupotea siku hiyo hiyo.

Kwa kuwa Kasumbalesa imetajwa: mnaohofia mtoto kuvushwa mpaka kwenda Zambia, mwombeni hakimu aandike waziwazi katika uamuzi kwamba mtoto asitoke nchini bila idhini ya wazazi wote wawili. Watu wa uhamiaji, DGM, huulizia ruhusa ya mzazi kwa mtoto anayesafiri, na mtu mwenye nakala ya uamuzi mkononi husikilizwa tofauti na mtu mwenye machozi tu.

Nawakumbusha pia habari ya kukata rufaa. Katika mashauri ya madai ya Mahakama ya Amani, muda wa rufaa ni siku 30, lakini msizihesabu kwa vidole vyenu wenyewe, na msidhani kwamba Mahakama ya Watoto inafuata hesabu hiyo hiyo. Siku mnayopewa hukumu, mwulizeni anayewatetea tarehe ya mwisho ni ipi, aiandike kwenye karatasi. Na mkumbuke kwamba uamuzi wa ulezi si jiwe. Hali ikibadilika, kwa mfano mzazi akihama mji, akiugua, au mtoto akianza kuteswa na mke mpya au mume mpya, unaweza kurudi kwa hakimu kuomba uamuzi uangaliwe tena.

Ama kikao cha familia, mimi sikipingi, ingawa wenzangu wengine hukicheka. Wazee wakikaa na kuandika makubaliano, pande mbili zikasaini, hakimu huyasoma kwa makini. Hayakatai mpaka aone yanamuumiza mtoto, na hapo huyaweka pembeni.

MamaWaMapacha aliandika:

Metre, nimerudi. Nilifanya kama ulivyosema. Barua ilipelekwa na mchungaji wetu aliyekuwa akisafiri kwenda Kolwezi, naye akasaini kama shahidi. Mama mkwe hakutukana, ila alisema atasubiri mwanawe atoke zamu. Endijansi niliipata siku ya tatu, baada ya kurudishwa mara mbili kwa sababu sikuwa na picha. Katika ofisi ya mashauri ya bure nilipangiwa wakili, dada mmoja mdogo kwa umri lakini anasikiliza. Tumefungua shauri Mahakama ya Watoto na tumeomba amri ya muda ili mapacha warudi shuleni kwao kabla ya muhula kuanza. Namba ya kesi nimeiandika nyuma ya daftari.

Baba yao alinipigia jana usiku, mara ya kwanza tangu mwezi wa nne. Alikuwa amesikia kuna kesi. Hakupiga kelele. Aliuliza kama bado wanalala na taa imewashwa, nikamwambia mmoja ndiyo, mwingine hapana. Akanyamaza kidogo, akasema atakuja siku ya kikao.

Wakili anataka kumwita bibi yao naye aeleze mbele ya hakimu. Je, inatakiwa nipeleke kitambulisho chake? Sina namna ya kukipata.

Mtetezi_wa_Kamalondo aliandika:

Hapana, mama. Jina lake kamili na anwani vinatosha kumwandikia wito: avenyu, namba ya nyumba, kartie na komini. Kama hujui namba ya nyumba, eleza iko karibu na nini.